Mkanda Mmoja, Namba Nyingi

Kitufe kilikuwa chekundu, kizuri, cha kujaa kiganja, na kilikuwa cha uongo. Siku kilipozinduliwa hakuna aliyelijua hilo. Meneja alikata utepe. Ndiyo, utepe, kwenye mkanda wa kupakia sabuni, kana kwamba anafungua daraja. Akapigwa picha na wapakiaji waliovaa aproni, mkono begani kwa huyu, tabasamu kwa yule, kisha akapanda ngazi kurudi kwenye kiyoyozi chake, na mkanda ukawashwa.

Juu, kwenye chumba cha mafundi wa kompyuta, alikuwepo mwanamke mmoja ambaye hakupiga makofi. Walimwita Kiberiti. Jina hilo alipewa na wapakiaji wa chini enzi zile mama yake alipokuwa akija naye kazini shule zikifungwa, kwa kuwa hata utotoni hakuhitaji kusuguliwa mara mbili. Sasa alikuwa mtu mzima, mwandishi wa programu, aliyejifundisha mwenyewe kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi, na moto wake haukuwa umepungua hata chembe. Tena alikuwa hasahau.

Alikumbuka wapakiaji walipoomba feni wakaambiwa feni itapeperusha unga wa sabuni. Alikumbuka walipoomba viti wakaambiwa viti vinaleta usingizi. Na kuliko yote alikumbuka jibu walilopewa walipoomba mkanda upunguzwe kasi katikati ya kazi, mikono ikichoka. Meneja alisimama pale penye ngazi, akashika kifua kama mfiwa, akasema, "Mimi ningependa sana. Ila lugha hairuhusu."

Lugha yenyewe iliitwa Kauli. Ilikuwa lugha ndogo ya kompyuta, iliyotungwa hapo hapo kiwandani kuendesha mashine za hapo hapo, na mtungaji wake alikuwa mjomba wake Kiberiti, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Mjomba ndiye aliyeandika pia kompaila yake, yaani ile programu inayoyachukua maandishi ya Kauli na kuyageuza kuwa amri ambazo mota inazielewa. Katika Kauli, ukiandika *iwe kasi 40*, basi kasi ni arobaini mpaka mtu azime mashine. Hakuna kuibadilisha katikati. Ukitaka nyingine, zima mkanda, andika upya, washa. Mjomba alijivunia jambo hilo kama mtu anavyojivunia nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. "Nusu ya balaa la programu," alipenda kusema, "ni mtu kubadilisha kitu na mwenzake hana habari." Na hakukosea. Ila usafi wa lugha yake ulikuwa unalipiwa na mikono ya watu wengine.

Mkono mmojawapo ulikuwa wa dada yake. Mama yake Kiberiti alikuwa amefunga sabuni kwenye karatasi nusu ya maisha yake, na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kikawa kama kitunguu. Asubuhi hakuweza kukamua kitambaa cha vyombo. Alikikandamiza kwa kiwiko ukingoni mwa sinki. Na mpakiaji anayeachwa na mkanda mara kwa mara huondolewa, "kwa usalama wake mwenyewe," ndivyo ilivyoandikwa ukutani. Mama alishaonywa. Akiachwa tena anakwenda nyumbani na mkono ambao hakuna kiwanda kingine kitakachoutaka.

Hivyo wapakiaji walipovua aproni na kuketi sakafuni, mkanda ukikimbia mtupu mbele yao, sharti lao lilikuwa moja: kila mpakiaji awe na kitufe cha kupunguza kasi ya mkanda mzima, kidogo kidogo, isishuke chini ya thelathini. Meneja akaanza tena wimbo wa lugha hairuhusu. Kiberiti akamkata palepale. "Lugha haikushuka na mvua. Ilitungwa na mtu, na mtu huyo ofisi yake ni mlango wa tatu kushoto." Mjomba, mlango wa tatu kushoto, alikasirika, akanuna, kisha akakaa chini akaongeza kwenye Kauli neno jipya: *geuza*. Geuza kasi, na kasi inageuka huku mashine ikienda. Ndipo ukaja utepe.

Baada ya hapo ilitakiwa pawe na amani. Mama aliendelea kurudi nyumbani na kutumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya moto.

"Mkanda uko vilevile," alisema jioni moja, macho yake kwenye maji.

"Kioo chako kinasema ngapi?" Kila kitufe kilikuwa na kioo kidogo juu yake, cha kuonyesha kasi.

"Thelathini na moja."

"Basi umepungua, mama. Ulikuwa arobaini."

"Unaniambia mimi? Kioo kinasema thelathini na moja, mkono unasema arobaini. Mwenye mkono ni nani hapa?"

Kiberiti alimwongezea maji ya moto kwenye beseni.

Asubuhi yake alishuka chini. Wapakiaji walimkaribisha kwa kelele, na aliyepaza kuliko wote alikuwa Redio, jirani ya mama yake mkandani, mwanamke ambaye hajawahi kuzimwa na mtu.

"Kumbe hata watu wa juu wana miguu," alisema Redio, vidole vikifunga sabuni vyenyewe. "Umekuja kutusalimia au kutuhesabu?"

"Kuangalia kioo."

"Angalia bwana, havina kiingilio. Changu thelathini na tano. Cha mama yako thelathini na moja. Mimi nilidhani amepewa cha bei rahisi."

Kiberiti alisimama kati ya viti viwili visivyokuwepo, akatazama kioo hiki, akatazama kile. Kisha akatazama mkanda, ambao ulikuwa mmoja, unaovutwa na mota moja, umebeba sabuni ileile kutoka kwa Redio kwenda kwa mama yake. Alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Alipanda ngazi mbili mbili.

Mjomba alikuwa mezani pake, miwani puani. Dirisha la chumba kile, ambalo lingeonyesha mkanda, lilibandikwa magazeti miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mwanga.

"Ulipolijaribu geuza," alisema Kiberiti, "ulilijaribu vipi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, Mjomba. Ulilijaribu vipi?"

"Marahaba. Nilibonyeza kitufe hiki hapa," akagonga kitufe cha majaribio kilicholala mezani na kioo chake, "namba ikashuka. Nikabonyeza tena, ikashuka tena."

"Na mkanda?"

"Mkanda uko chini."

"Ee. Mkanda uko chini."

Mjomba alimwangalia, kisha akaiangalia kompyuta yake. Akafungua maandishi ya kompaila, akaenda moja kwa moja hadi mahali ambapo mtu mwingine angehangaika wiki nzima kupatafuta. Huko kompaila ilikuwa inashughulikia vijiprogramu vya vitufe. Kila kijiprogramu kinachotumia jina fulani, tuseme kasi, kilifungiwa kifurushi cha kwenda nacho, na ndani ya kifurushi kompaila iliweka namba. Siyo kasi yenyewe, ila nakala ya namba yake. Miaka yote ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu kama kitu hakibadiliki, nakala yake na chenyewe hutavitofautisha hata ukivikodolea macho. Kisha likaja geuza. Kitufe cha mama kikageuza namba ndani ya kifurushi cha mama, kioo cha mama kikaisoma humohumo, na mota, ambayo haina habari na kifurushi cha mtu, ikaendelea kusoma arobaini yake.

Mjomba alivua miwani. "Niliongeza mlango nikasahau kwamba nyumba haina ukuta wa kuushikilia," alisema taratibu. "Inatakiwa sanduku. Kasi iwekwe kwenye sanduku moja, na kila kifurushi kibebe njia ya kufika kwenye sanduku, kisibebe namba. Anayesoma anasoma humo, anayegeuza anageuza humo."

"Basi tuandike."

"Ngoja nimwambie Meneja kwanza."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alikwenda akiwa amenyooka, akarudi akiwa amefunga uso kama duka siku ya msiba.

"Amesema tusiguse."

"Amesema nini?"

"Kwamba wapakiaji wametulia. Malalamiko yamekwisha. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi."

"Kinafanya kazi gani, Mjomba? Kinafanya danganya toto. Na wewe ukamjibu nini?"

Mjomba alianza kupanga kalamu mezani, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi.

"Yule ni dada yako."

"Nyumba ninayolala ni ya kampuni, mwanangu. Nikitoka hapa, watoto wangu wanatoka na magodoro kichwani."

"Kwa hiyo kifundo cha mama ndicho kinachowalipia paa."

"Usiniambie maneno ya namna hiyo. Mimi ni mjomba wako."

"Basi nichagulie ya kukuambia."

Kiberiti alirudi kwenye meza yake, akavuta kiti kwa kelele za makusudi, akaanza kuandika. Mtu akiandika programu kwa hasira, vitufe vya kompyuta hupigwa kama vimekosa. Lakini kichwa chake kilikuwa kimetulia. Kwanza alifanya kompaila ipite programu nzima ikitafuta majina yanayogeuzwa na ambayo pia yanatumiwa ndani ya vijiprogramu. Hayo peke yake yakapewa masanduku. Mengine, yasiyogeuka, yakaachwa na nakala zao, hazimdhuru mtu. Kisha kila mahali penye kusoma jina la namna hiyo akaifundisha kompaila kufungua sanduku, na kila penye geuza kuandika ndani ya sanduku. Alikosea, akafuta, akakosea kwingine. Sanduku moja alilifungua mara mbili, mota ndogo ya majaribio ikazunguka kama imepandwa na mashetani. Alhamisi mchana vitufe vitatu alivyovipanga mezani vilibonyezwa kimoja kimoja, vioo vitatu vikashuka pamoja, na mota ndogo ikapunguza pumzi.

Aliegemea kiti akacheka peke yake. Kisha kicheko kikamkauka.

Mashine za chini hazikuwa zikisoma kompyuta yake. Zilisoma ya Mjomba, na neno la siri la kupeleka programu mkandani lilikuwa kichwani mwa Mjomba tu. Kompaila aliyoitengeneza ilikuwa nakala yake, mezani pake, inayoonyesha namba nzuri kwenye vioo vyake. Siku tatu amebonyeza kitufe chekundu, na huko chini bado ni arobaini. Alijitukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo mama yake asingeyapenda.

Ijumaa, wapakiaji wakiwa wamekaa kwenye makatoni wanakula, aliwashukia.

"Vitufe ni kiini macho," aliwaambia. Hakuzunguka. "Mnachogeuza ni namba ya kioo chako wewe. Mkanda haujawahi kupungua hata punje moja."

Redio alirudisha tonge kwenye sahani.

"Nilikuambia," alisema mama, siyo kwa kujigamba, kwa uchovu.

"Kengele ikilia," Kiberiti aliendelea, "kila mtu abonyeze anavyotaka. Mwingine mara moja, mwingine mara saba. Halafu kila mtu atazame kioo cha jirani yake. Msiniamini mimi. Aminini macho yenu."

Kengele ililia. Mkanda ukaanza. Vidole vikabonyeza. Thelathini na tisa, thelathini na tatu, thelathini na saba, thelathini. Mstari mzima ukawaka namba kama watu wanaobishana. Chini ya namba zote hizo mkanda ulikwenda na mwendo wake uleule.

"Jamani," alisema Redio, "mkanda mmoja, na kila mtu ana kasi ya kwake. Tumepewa vioo vya kujitazamia ujinga."

Mama yake Kiberiti ndiye aliyeondoa mikono kwanza. Aliiinua, akaiweka juu ya aproni, kiganja juu ya kiganja. Redio akafuata. Mikono ikaondoka mstari mzima, na sabuni, ambazo hazikuwa na habari, zikaendelea kuja, zikafika mwisho wa mkanda, zikaanza kuanguka sakafuni moja baada ya nyingine kwa sauti ya makofi.

Meneja alishuka haraka kuliko alivyowahi kushuka. "Nini tena? Si mlipewa vitufe?"

"Tulipewa," alisema Redio. "Chagua unachokitaka, tukurudishie."

"Hiyo ni hitilafu ya vioo tu. Mkanda umepungua. Rudini kazini, vioo vitasafishwa."

"Aitwe fundi wa lugha," alisema mama.

"Fundi ana kazi."

"Aitwe mdogo wangu."

Aliitwa. Mjomba alishuka ngazi moja moja, mkono kwenye kikingio, akasimama mbele ya dada yake. Kati yao sabuni zilikuwa zinapita. Meneja alimsogelea akamwambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Waambie ni vioo."

Mama aliweka kidole kwenye kitufe chake. Alitumia kidole cha mkono wa kushoto. "Mdogo wangu, niambie wewe uliyekitengeneza. Nikibonyeza hapa, kinabadilika nini?"

Mjomba alikiangalia kile kifundo. Alikiangalia kwa muda mrefu, kama anakiona kwa mara ya kwanza, na huenda ilikuwa hivyo.

"Namba yako," alisema.

"Na mkanda?"

"Mkanda haubadiliki."

"Umejua lini?"

"Tangu Jumanne, dada."

Sabuni ilianguka. Ikaanguka nyingine.

"Tangu Jumanne," alirudia mama, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu. "Na Jumatano ulikula kwangu."

Meneja alifungua kinywa, na hapo Mjomba akamgeukia. Kiberiti hakuwahi kumwona mjomba wake na uso ule. "Hata chako, bosi," alisema. "Kitufe ulichowekewa ofisini, cha kupandisha. Ile arobaini na nne unayoiona kule juu iko kwako peke yako. Mkandani haijawahi kufika."

Ilichukua muda kuingia vichwani. Kisha ikaingia.

"Kumbe ulikuwa unatupandishia," alisema Redio. "Sisi huku tunashusha, wewe kule unapandisha, wote tunachezea toi. Ahsante kwa ubovu wa kitufe chako, bosi. Mungu akizidishie ubovu."

Kicheko kilichozuka hakikuwa cha furaha. Meneja alijaribu kusema kuhusu taratibu, kuhusu mkataba, kuhusu nani atatoka lini. Maneno yake yalizama kwenye kicheko kile kama kijiko kwenye uji, na lile lundo la sabuni miguuni mwake likaendelea kuota.

Mjomba alikuwa ameshafika katikati ya ngazi. "Kiberiti," aliita bila kugeuka, "njoo na ile ya kwako."

Aliisoma kazi ya mpwa wake mstari kwa mstari, wakati huko chini mkanda ukitapika. Kiberiti alisimama nyuma yake, amekunja mikono, tayari kwa vita.

"Majina uliyoyapa masanduku ni mabaya," alisema Mjomba hatimaye.

"Yabadilishe."

"Nitayabadilisha baadaye." Akaihamishia kwenye kompyuta yake, akaisomesha kompaila mpya programu ya mkanda, akaandika neno la siri kwa vidole viwili, akabonyeza. Chini, mota ilikata. Kukawa kimya cha ajabu, kimya ambacho kiwanda kile hakikukijua mchana. Kisha mkanda ukaamka.

Mjomba aliinuka, akaenda dirishani, akaanza kuyabandua magazeti kwa kucha.

Kupitia tundu walimwona mama akibonyeza. Vioo vyote, mstari mzima, vikaandika thelathini na tisa. Akabonyeza tena. Thelathini na nane, kwa wote, kwa pigo moja. Na mkanda ukalegea. Mtu asiyefanya kazi pale asingeiona tofauti, lakini wapakiaji waliiona, mabega yalishuka. Mama aliendelea kubonyeza mpaka thelathini. Kisha akachukua sabuni na karatasi. Hakutazama juu.

Mjomba hakufukuzwa wiki ile. Hakukuwa na mwingine aliyeijua Kauli zaidi ya mpwa wake, na kuliko kumwachia huyo mpwa lugha nzima, ilikuwa afadhali kuajiri moto. Jumapili alikuja kwa dada yake akiwa na dawa ya kuchua. Mama aliipokea kwa mkono wa kushoto, akamwonyesha kiti, akaendelea na shughuli zake akiwa amempa mgongo. Maneno ya salamu hayakuwepo. Alikaa hata hivyo.

"Kuna kitu," Kiberiti alimwambia mama yake walipobaki wawili. "Sanduku ni moja sasa. Kitufe cha Meneja nacho kinafika humo. Akipandisha, itapanda kweli."

Mama alikuwa anajaribu kukunja vidole, kimoja kimoja. "Si tutaiona?"

"Kila mtu ataiona."

"Basi mwache apandishe."

Alipandisha. Haikupita wiki, saa za mchana, wakati watu wamezama kwenye kazi na hakuna anayeinua kichwa. Hakuwa na papara. Alipandisha moja tu. Zamani moja kama hiyo ingepita kama mdudu gizani, ingelala kwenye kioo chake huko juu, na yeye angeipenda peke yake. Safari hii thelathini ikawa thelathini na moja mbele ya macho ya kila aliyesimama mkandani, kwa wakati uleule. Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyeulizana na jirani. Redio alifunga sabuni aliyokuwa nayo, akaiweka kwenye katoni vizuri, akanyoosha aproni.

Mikono yote ikaondoka.